Kofia ya Kichwa Kimoja

Binti yangu, anayefanya kazi Uingereza, aliniletea zawadi: kofia ya pikipiki inayofunika kichwa chote hadi kidevu, ile ambayo vijana wa bodaboda huiita elementi. Ni Arai, ya Kijapani, nyeupe pe, na inang'aa kama yai lililooshwa. Aliponitajia bei nilinyamaza. Kwa fedha hizo ningeweza kuezeka upya banda la ng'ombe.

Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, tulifundishwa jambo moja ambalo sijalisahau: usianze kusahihisha kabla hujaandaa mwongozo wako. Asiye na mwongozo hurogwa na mwandiko mzuri, akampa maksi asiyejua kitu. Basi nikajiambia kwamba rangi ya kofia hii ni mwandiko tu. Nikachukua daftari, nikaanza kuitahini.

Swali la kwanza: inafanya kazi gani? Watu wengi hudhani kinga iko kwenye ganda la nje. Ganda lina kazi yake, nayo ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye na kutawanya nguvu ya pigo. Lakini anayeokoa ubongo hasa ni yule asiyeonekana: povu gumu jepesi lililo ndani, ndugu wa lile linalofungiwa runinga mpya dukani. Kichwa kinapogonga, povu hupondeka, na katika kupondeka huko hulifanya pigo kuwa la polepole. Likishapondeka halirudi. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa haifai tena, hata kama kwa nje ni nzima.

Swali la pili: nani kaithibitisha? Nikatazama kwenye mkanda wa kidevuni. Kuna kitambaa chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kisha namba inayoanza na 06, maana yake imepimwa kwa toleo la sita la kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa. Ipo pia herufi P, kuonyesha kwamba sehemu ya kidevu nayo ni kinga, si pambo.

Swali la tatu: inakaa? Nikaivaa, nikafunga mkanda, nikaishika kwa mikono miwili na kuizungusha. Ngozi ya mashavu ikafuata kofia, kama inavyotakiwa. Nikamwomba mke wangu aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Haikuvuka. Ilikuwa na joto, lakini ina matundu ya kupitisha hewa, na kioo chake kinafunguka kwa kidole kimoja. Nikaandika: alama 95 kwa 100.

Ningeweza kufunga daftari hapo. Lakini mke wangu alikuwa bado amesimama nyuma yangu, akauliza, "Na mimi je, mwalimu?"

Msomaji, swali hilo lilinirudisha mwaka 1984. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nina pikipiki moja na kofia moja. Siku ya mishahara nilimpakia mwalimu kijana twende naye wilayani. Kofia niliivaa mimi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Kwenye mteremko wenye changarawe tukateleza. Mimi niliamka nikajipangusa vumbi. Yeye hakufa, namshukuru Mungu, lakini aliporudi kutoka hospitali hakuweza kukumbuka majina ya wanafunzi wake, na hatimaye akaacha kazi. Watu walinijia wakanifariji, wakasema ajali haina kinga. Nami nikaupokea msemo huo kwa mikono miwili, kwa sababu ulinisitiri. Kofia ile niliendelea kuivaa miaka mingi.

Msemo huo una ukweli wake, kwa kuwa hakuna ajuaye siku wala mahali. Lakini kichwa kina kinga. Daktari Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, aliyefariki Mei 1935 baada ya kuanguka na pikipiki, naye hakusema kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Alichunguza vichwa vya matarishi wa jeshi waliopanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo kuonyesha faida ya kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Takwimu hizo hazikutenga kichwa cha mkubwa na cha mdogo.

Niliwaza kumpa mke wangu kofia hiyo, nami ninunue ya kawaida. Nikachukua utepe wa fundi cherehani. Kichwa changu sentimeta 59, chake 55. Alipoivaa ilizunguka kama ndoo juu ya mtungi. Kofia isiyobana haina maksi, iwe ya bei gani.

Jioni nikamwandikia binti yangu. Nilimweleza kwamba zawadi yake ni bora kuliko zote nilizowahi kupima, kisha nikamwomba airudishe dukani, kwa kuwa sijaipandia pikipiki, achukue mbili za bei ya wastani zenye herufi ile ile mkandani: moja ya 59, moja ya 55. Alinuna kidogo, akauliza kama baba yake anaona haya kuvaa kitu kizuri. Ndipo nikamsimulia habari ya mwaka 1984, ambayo katika miaka yote hiyo sikuwahi kumweleza.

Kofia mbili zimefika. Hazing'ai sana. Siku za gulio tunazivaa wote wawili, na kabla sijawasha pikipiki namgeukia kwanza abiria wangu, nikakague mkanda wake.