Na Mtoto Yuko Wapi?

Katika Majilio, tukiwa kwenye utume Mbagala, wilayani Temeke, tulitazama na wenyeji wetu filamu ya Krismasi ya Hallmark, televisheni ya Marekani inayoanza kuzionesha mwezi Oktoba. Sisi jasho linatutoka, kwenye runinga theluji inaanguka. Dada wa mjini anarudi kijijini, anapata mchumba, wanabusiana mkesha wa Krismasi. Tulifurahi. Bibi akauliza, “Na Mtoto yuko wapi?” Tukanyamaza.

Filamu hizi zinaijua kiu yetu ya kurudi nyumbani na kupendwa. Lakini mtaani wengi hawatapata nauli ya Moshi wala Bukoba. Majilio yanawaambia kwamba Mungu mwenyewe anawafuata walipo, kama alivyolazwa horini Bethlehemu. Tuwatembelee.