Hesabu ya Kompyuta na Mshale wa Mita

Nina kosa la kuungama. Kwa kuwa nililitenda mbele ya darasa zima, naona ni haki nilieleze mbele ya shule nzima.

Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Tano tulipewa zoezi la kujaza kapasita, yaani kile chombo kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Tuliunganisha betri ya volti 9, rezista ya omu 100,000 na kapasita ya mikrofaradi 100. Swichi ikiwashwa, kapasita haijai mara moja. Kuna kipindi cha mpito ambamo volti hupanda upesi kwanza, kisha polepole. Kazi yetu ilikuwa kuandika volti kila baada ya sekunde 10.

Kabla ya kupima, Mwalimu wa Fizikia alituonyesha programu ya Paul Falstad, ambayo huiga saketi katika kompyuta na kuuonyesha mkondo kama vitone vya manjano vinavyotembea. Programu za namna hii si za jana. SPICE, kazi ya Laurence Nagel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitolewa mwaka 1973.

Siri yake ni kuukata wakati vipande vidogo vidogo, na mtu aweza kufanya hivyo kwa kalamu. Mwanzoni kapasita ni tupu, basi volti zote 9 ziko kwenye rezista. Kwa mkondo huo, sekunde ya kwanza kapasita hupata volti 0.9. Sasa rezista imebakiwa na volti 8.1, basi sekunde ya pili kapasita huongezewa 0.81, jumla 1.71. Ukiendelea hivyo mpaka sekunde ya 10 utapata 5.86. Ukikata kwa nusu sekunde utapata 5.77. Jibu la kanuni ni 5.69. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo hesabu inavyoikaribia kanuni, na kompyuta haichoki kukata.

Jambo hilo lilinilevya. Tulipokwenda mezani, mwenzangu alisoma mita na mimi nikashika saa. Sekunde ya 10 akasema, "Nne nukta sita." Sekunde ya 50 akasema, "Sita, na mshale umesimama." Kompyuta ilikuwa imeniambia 5.69 na 8.94. Nikamwambia betri imechoka. Tukaipima, ikaonyesha 9 kamili. Tukarudia zoezi, mshale ukasimama pale pale kwenye 6.

Yeye aliandika alichokiona. Mimi niliandika namba za kompyuta kana kwamba nimezipima, kisha nikawaambia wengine kwamba mwenzangu anahitaji miwani. Darasa likacheka. Yeye hakunijibu neno.

Siku ya Ijumaa Mwalimu aliniita.

"Mita hii ina mistari ya volti 0.2. Hiyo 8.94 uliisomaje?"

Nilinyamaza. Mshale ule hata ungetaka usingeweza kuniambia hiyo 4 ya mwisho.

"Sikuadhibu leo," akasema. "Jumatatu uje unieleze kwa nini mwenzako alipata 6."

Nyumbani kwetu ni Igalula, kando ya Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912. Nilikwenda huko Jumamosi nikiwa na moyo mzito. Bibi ana tangi kubwa la maji ya mvua, na chini yake ametoa mpira mwembamba unaoingia chini ya pipa lililo jirani. Nimeliona pipa hilo tangu utoto wangu. Maji huingia kwa kasi likiwa tupu, na kadiri yanavyopanda ndivyo kasi inavyopungua, sawasawa na kapasita. Lakini siku hiyo maji yalikuwa yamesimama chini sana ya usawa wa maji ya tangi.

"Bibi, mbona halijai?"

"Lina ufa, mjukuu wangu. Linaingiza huku na kutoa huku. Hapo ndipo litakapokaa mpaka nilizibe."

Niliduwaa. Nani alikuwa ametoboa kapasita yetu? Hakukuwa na kitu kingine kilichoigusa isipokuwa mita yenyewe!

Jumatatu alfajiri niliitazama mita. Usoni pake pameandikwa omu 20,000 kwa kila volti. Sisi tuliiweka kwenye kipimo cha volti 10, basi yenyewe ilikuwa njia ya omu 200,000, ikinyonya mkondo kando ya kapasita. Nikaenda kwenye kompyuta, nikachora rezista ya omu 200,000 pale mita ilipokuwa, nikawasha swichi. Mstari ukapanda, sekunde ya 10 ukapita 4.66, kisha ukalala kwenye 6. Ndizo namba za mwenzangu.

Kompyuta haikusema uongo. Ilijibu juu ya saketi niliyoichora, nami nilisahau kuchora mita. Aliyesema uongo ni mimi, na laiti mwenzangu angekubali kunifuata, tusingalijua kamwe kwamba chombo cha kupimia nacho hubadili kinachopimwa.

Nilimweleza Mwalimu yote, kisha nikaomba ruhusa nisimame mbele ya darasa. Nilimwomba mwenzangu radhi kwa jina lake. Alicheka kidogo akasema, "Basi miwani nikupe wewe?" Safari hii darasa lilinicheka mimi, na nilistahili.

Enyi wenzangu mtakaofanya zoezi hili muhula ujao, tumieni kompyuta, maana ni msaada mkubwa. Lakini ikipishana na mshale, andikeni zote mbili, kila moja kwa jina lake, kisha mtafute ufa uko wapi.