Ufa Usiofaa Kuzibwa

Binti anapoolewa na kusafiri kwenda Uingereza, sisi watu wa pwani twajua kumfungia mzigo. Twamtilia bizari, iliki na pilipili manga, leso za kuvaa nyumbani, udi na chetezo chake, na juu ya yote hayo twamtilia nasaha za kuishi na watu. Hatumwambii neno juu ya boila, kwa kuwa nyumba zetu hazina kitu hicho. Joto kwetu ni neema isiyolipiwa. Kule aendako, kwa miezi mingi ya mwaka, boila ndiyo inayowezesha nyumba kukalika, na yafaa sisi tuliobaki tuielewe, ili nasaha zetu za simu ziwe na faida.

Boila ya gesi ni sanduku la chuma linalotundikwa ukutani, aghalabu jikoni au ndani ya kabati. Humo gesi huwaka, moto hupasha maji, na maji hayo huzunguka kwa mabomba hadi kwenye vyuma vilivyopangwa kutani, navyo vikaeneza joto vyumbani. Moto wowote huhitaji hewa safi ili uwake, na moshi wake huhitaji njia ya kutokea. Njia hiyo ndiyo dohani. Boila nyingi za siku hizi huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lipitalo ukutani, bila kugusa hewa ya chumbani. Baadhi ya zile za zamani huvuta hewa ya chumba kile kile wanamokaa watu. Kwa ajili hiyo ukutani huachwa tundu lenye wavu, ambalo mgeni hulidhania kuwa ni kosa la mwashi.

Hewa ikipungua, gesi haiungui ikaisha, na hapo huzaliwa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Dohani nayo ikizibwa, kwa mfano na kiota cha ndege, moshi hurudi ndani pamoja na sumu hiyo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikivuja tuitambue. Sumu hii hakuna aliyeitia harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukanyimwa oksijeni ilhali kifua chapanda na kushuka kama kawaida. Mimba iko katika hatari kubwa zaidi, kwani damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hiyo kuliko hata damu ya mamake.

Haya tuliyajua kwa khofu. Wifi yetu alipanga nyumba kongwe katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na Ramadhani ikamkuta huko baridi haijaondoka. Kila tulipompigia simu alasiri alilalamika kichwa na kizunguzungu. Sisi tukamwambia ale tende zaidi na asiache daku, maana ni nani asiyejua kichwa cha saumu? Lakini kichwa hicho hakikuondoka baada ya futari. Tena watoto wake wawili, wasiofunga, nao walikuwa na kichefuchefu na uchovu. Mumewe, aliyeshinda kazini, alikuwa mzima. Naye mwenyewe alipokwenda msikitini kwa tarawehe alipata nafuu, na akirudi nyumbani maumivu humrudia.

Aliyeunganisha mambo hayo ni jirani yake, mama mmoja wa Kisomali, aliyemwuliza swali moja tu: "Je, nyote mwaumwa mkiwa ndani, na mwapona mkitoka?" Mama huyo akazima boila, akafungua madirisha, akawatoa wote nje, kisha akapiga 0800 111 999, nambari ya dharura ya gesi ya huko, ambayo hupokewa usiku na mchana. Fundi aliyefika alikuta tundu la hewa limejazwa matambara na mpangaji aliyetangulia, aliyeikimbia baridi, na mdomo wa dohani umekaribia kuzibika. Wote walipelekwa hospitali, damu ikapimwa, wakapewa oksijeni. Alhamdulillahi, walirudi salama.

Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbe uko ufa ambao kuuziba ndiko kuubomoa ukuta wenyewe.

Tulipouliza zaidi tulifahamu kwamba sheria ya huko haikumwacha mpangaji peke yake. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zamlazimu mwenye nyumba kuhakikisha kwamba vyombo vyake vya gesi vimekaguliwa kila miezi 12, na kumpa mpangaji mpya nakala ya hati ya ukaguzi kabla hajaingia. Aliyemo tayari apewe nakala katika siku 28 baada ya ukaguzi. Mkaguzi lazima awe amesajiliwa katika Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwezi wa Aprili 2009. Hubeba kadi yenye picha yake, na nyuma ya kadi zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2022, huko England mwenye nyumba hutakiwa kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kukaliwa chenye boila ya gesi.

Wifi yetu hakuwahi kuonyeshwa hati yoyote, wala hakuiuliza. Alituambia aliona haya: mgeni, mwanamke, Kiingereza chake hakijanyooka, na nyumba ilipatikana kwa taabu. Haya hiyo twaijua sote, na wengi wetu tumelelewa nayo. Basi tuwaambie binti zetu kwamba haya ni pambo la mwenendo, wala haikuwekwa ili mtu akalala na sumu. Kuomba hati ya usalama wa watoto wako si utovu wa adabu, bali ni kuitunza amana uliyopewa.

Na tuwafundishe pia dalili za kuangaliwa. Pale moto unapoonekana, uwe wa buluu uliosimama imara. Ukiwa wa manjano na kulegea, pana tatizo. Masizi au madoa ya kahawia juu ya boila, na vioo vinavyotoka jasho kupita kiasi, ni onyo. Mvuke mweupe utokao nje kwa bomba la boila ya kisasa wakati wa baridi ni wa kawaida, ila mdomo wa bomba hilo usizibwe kwa mimea, theluji wala mizigo. King'ora kijaribiwe kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake, na kibadilishwe tarehe iliyoandikwa juu yake ifikapo. Mtu asiifungue boila mwenyewe, wala asimwite jamaa "anayejua jua" ili kuokoa pauni chache.

Sisi tuliobaki pwani nasi tusijione tuko mbali na jambo hili. Jiko la makaa hutoa sumu ile ile. Masika yakiingia, wako wanaoliingiza chumbani kukaushia nguo za mtoto, kisha mlango ukafungwa ili mbu wasipite, na watu wakalala. Makaa mekundu yasiyofuka moshi yana sumu hata kama macho hayawashi. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alituusia tusiuache moto ukiwaka majumbani tunapolala, na kila mama aweza kuutekeleza wasia huo usiku wa leo: jiko litolewe nje, dirisha liachwe wazi, ndipo taa izimwe.