ANDIKA NA SIKU ULIYOSHINDWA

 

Neno la leo ni Hesabu 33. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, mstari wa 1 hadi wa 49. Wengi huiruka sura hii kwa sababu ni majina matupu. Lakini mstari wa 2 una jambo zito: Musa aliandika safari hizo kwa amri ya Bwana. Na humo ndani kuna Refidimu, mahali ambapo watu hawakuwa na maji ya kunywa. Kuna Kibroth-hataava, walikozikwa wale walioingiwa na tamaa. Kuna mlima wa Hori, alikofia Haruni. Mungu hakumwambia Musa aandike Bahari ya Shamu peke yake.

Wanaonijua wanajua napenda chesi, ule mchezo ambao watu wa Pwani huuita sataranji. Mimi si bingwa. Nacheza Jumamosi jioni na vijana, kwaya ikimaliza mazoezi. Lakini kuna desturi moja ya mchezo huu inayonihubiria kila wiki. Kwenye mashindano, kila mchezaji huandika hatua zote, zake na za mwenzake. Mchezo ukiisha, wote wawili hutia sahihi. Hata aliyeshindwa hutia sahihi.

Nami ninalo daftari langu. Humo yumo mwalimu mmoja mstaafu wa Rongo aliyenishinda mara 11 mfululizo. Mara ya 12 nilimnasa mfalme wake nyuma ya askari wake mwenyewe, hana pa kutokea. Nilirudi Homa Bay kwenye matatu nikiimba! Lakini ukifungua kurasa za nyuma utaona kwamba mtego ule ni wake. Alinitega nao mimi katika mchezo wa 7. Ushindi wangu ulikuwa umeandikwa ndani ya kipigo changu.

Yumo pia binti wa miaka 12, mtoto wa shule ya Jumapili kule Migori. Farasi wake aliruka mara moja akawa anamtishia mfalme wangu na malkia wangu kwa pamoja. Vijana wakapiga kelele kama watu walioona Gor Mahia ikifunga bao. Iliniuma, siwafichi. Lakini ukurasa huo upo, na tarehe ipo.

Sasa nikuambie habari za binti mwingine, wa jirani zetu Uganda. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa mabanda pale Kampala. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na masomo yakamkatikia njiani kwa kukosa karo. Mwaka 2005 alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende, mtumishi wa huduma ya Kikristo, alikuwa akiwafundisha watoto chesi na kuwapa uji. Ule uji ndio uliomvuta kwanza.

Mwaka 2009 alikwenda Juba na vijana wenzake wawili, wakarudi na ushindi. Mwaka uliofuata akapelekwa Urusi, kwenye Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk. Mchezo wake wa kwanza alikutana na Dina Kagramanov, bingwa wa Kanada, akashindwa. Katika mashindano yale alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Lakini hakuishia hapo. Mwaka 2012, kule Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huu. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake, na aliyeigiza kama mama yake ni binti yetu Lupita Nyong'o. Baadaye Phiona akasomea Marekani, katika chuo kikuu cha Assemblies of God.

Watu wengi wanaijua ile filamu. Lakini bila yale machozi ya Urusi, Istanbul ungeielewaje?

Kwa nini nayasema haya leo? Kuna mama mmoja katika ushirika wetu anayeuza omena. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo omena ikiwa imeanikwa. Yote ikaharibika, akaiuza ya kulisha kuku, kwa bei ya kutupa. Mkopo wa chama ukabaki shingoni. Tangu siku hiyo hatukumwona kanisani. Nilipompigia simu aliniambia, “Pasta, nitakuja nikiwa na ushuhuda.”

Wapendwa, neno hilo halijanitoka moyoni. Kumbe mtu anaweza kuketi nyumbani akidhani kwamba madhabahu ni ya walioshinda tu! Aliyepata kazi anasimama. Aliyepata visa anasimama. Na aliyepoteza anangoja nje mpaka apate cha kusema?

Mama, kama unasoma hapa, njoo. Ile omena ni Refidimu yako, nayo imo kwenye orodha.

Lakini sikiliza jambo la pili la sura hii. Baada ya kila kambi, neno linalofuata ni kwamba wakasafiri. Walipiga kambi Refidimu, wakasafiri. Hata pale walipomzika Haruni, walisafiri. Kuandika siku uliyoshindwa si kujenga nyumba pale. Unaandika tarehe, unatia sahihi, unauliza Bwana alikufundisha nini, kisha unang'oa hema.

Jumatano hii kwenye maombi, saa kumi na moja jioni, njoo na daftari. Andika kituo kimoja ambacho hujawahi kukitolea ushuhuda kwa sababu hukushinda. Tutaomba pamoja juu ya ukurasa huo.

Baba, katika jina la Yesu, mkumbuke kila anayesoma hapa akiwa ameshindwa wiki hii. Biashara yake, mtihani wake, ndoa yake, mwili wake, wewe wakijua kituo alipo. Mrudishe katikati ya watu wako, na umpe nguvu za kusafiri tena. Amina.

Andika jina la kituo chako hapa chini, au andika tu “Nasafiri”. Nitakuombea.