Barua kutoka Sumbawanga: Huku Ndiko Walikotoka Manamba

Ndugu zangu wa Tanga,

Nawaandikia nikiwa ndani ya blanketi, na jua la asubuhi liko nje. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita upepo wa Milima ya Mbizi haumwonei huruma mtu aliyezoea joto la Ngamiani, kule Tanga. Wenyeji wananicheka. Wao wamevaa makoti na wanaendelea na shughuli zao.

Kwetu historia ya mkonge huanzia langoni mwa shamba. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai. Kisha ikaja reli, zikaja korona za kuchakata mkonge na makampuni, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Wakati wa Uhuru, hakuna zao lililotuingizia fedha nyingi za kigeni kuliko hilo. Hadithi hiyo tunaijua. Ila ndani yake manamba, yule kibarua mkata mkonge aliyetoka mbali, huonekana kama gugu lililoota lenyewe kando ya reli. Alitoka wapi, aliacha nini, nani alilima shamba lake alipokuwa kwetu? Hayo hayaulizwi.

Basi niwaeleze huku alikoacha. Ukizunguka uwanda huu wa Ufipa utakuta mabaki ya malungu, matanuri ya udongo ambayo mengine yalisimama kwa takriban mita tatu. Tanuri hilo halikuhitaji mivuo: matundu yaliyoachwa chini yaliingiza hewa, moto ukajivuta wenyewe, na mawe ya chuma yakayeyushwa kwa makaa. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, hapo sasa kwa mivuo, kisha mhunzi akafua majembe, shoka na mikuki. Kazi ilikuwa na miiko yake, dawa zake na mabingwa wake, na majembe ya Wafipa yaliuzwa mbali na uwanda huu. Hiki kilikuwa kiwanda, ingawa hakikuwa na bomba la moshi wala meneja.

Kilichokiua hakikuwa uvivu. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, na Waingereza walipowapokea nchi wakaendelea kudai. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu. Ufipa ilikuwa mbali na reli, haina kahawa wala pamba ya kutosha kuleta fedha hiyo. Ilikuwa na ulezi, maharage, mahindi na chuma. Wakati huohuo jembe la kiwandani kutoka Ulaya likaingia madukani kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza. Mtoto wa mhunzi akabaki na kodi mkononi na tanuri lisilomlipa. Akaondoka.

Njia zilikuwa nyingi. Wapo waliokwenda Lupa, huko Chunya, kwenye dhahabu iliyoanza kuvuta watu miaka ya 1920. Wapo walioshika njia ya kusini, wakapita Abercorn, ambayo leo ni Mbala, hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini: Luanshya, Kitwe, Mufulira. Migodi hiyo mikubwa ilianza kutoa shaba kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ilikuwa na njaa ya mikono. Mwaka 1935 kodi ya wafanyakazi wa mjini ilipopandishwa waligoma, na watu sita wakauawa kwa risasi Luanshya. Kodi iliyomtoa mtu kwao ilimfuata hadi mgodini.

Na wapo waliokuja kwetu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali. Tazameni ramani. Mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika aliweza kupanda meli ya Liemba hadi Kigoma, akapanda treni ya reli ya kati, na bado hajafika: reli ya Ruvu hadi Mnyusi haikukamilika mpaka 1963, hivyo kipande cha mwisho kilikuwa cha barabara. Akifika, alipewa kadi ya siku 30 za kazi, ajaze ndipo alipwe.

Mkonge aliokata ulisafiri kuliko yeye. Sehemu ya nyuzi ilisokotwa kamba za kufungia miganda ya ngano katika mashamba ya Marekani na Kanada. Marekani wenyewe walijenga viwanda vyao kwa wahamiaji. Mwaka 1907 pekee waliingia zaidi ya milioni moja, wengi wakipitia kisiwa cha Ellis, na leo wajukuu wao wanaweza kutafuta majina ya babu zao katika orodha za meli. Manamba wetu hana kisiwa chake.

Waliobaki huku walikuwa wanawake na wazee. Kilimo cha Ufipa ni cha matuta ya mviringo: nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, ndipo ardhi izae. Kugeuza ardhi hiyo ni kazi ya mgongo. Kwa maoni yangu, mshahara wa mkonge uliweza kuwa mdogo vile kwa sababu mwanamke wa Ufipa ndiye aliyewalisha watoto na kumtunza mume aliporudi mgonjwa. Faida ya Tanga ilichangiwa na tuta lake, wala hakulipwa senti.

Siku hizi wageni ndio wanaokuja: Wasukuma na ng'ombe wao bonde la Ziwa Rukwa, na kabla yao Warundi wa mwaka 1972, waliopewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, huko Mpanda.

Mzee mmoja sokoni aliposikia natoka Muheza, huko Tanga, aliacha kupima maharage. Mjomba wake, alisema, alikwenda huko akaoa, barua zikakoma.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi ambao babu zenu waliitwa watu wa bara: waulizeni wazee jina la kijiji, si la mkoa tu. Kama babu alikuwa Mkatoliki, tafuteni cheti chake cha ubatizo. Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885, na parokia za huku ni za zamani. Jina la parokia likipatikana, andikeni. Huku wapo wanaosubiri jibu.