Siku Saba za Kuhani

Kijana mmoja wa usharika wetu aliacha kushiriki Meza ya Bwana. Ngozi ya uso wake ilikuwa nene, paji limejaa mikunjo kama la mzee, na ncha za vidole zimevimba mfano wa virungu. Watu walinong'ona: ukoma. (Hata ukoma siku hizi una dawa.)

Nilimsindikiza hospitali. Daktari alimgusa ngozi kwa pamba, alihisi vizuri. Kisha akapima mapafu na moyo, kwa kuwa vidole vya namna ile mara nyingi huashiria ugonjwa huko, hata saratani. Vilikuwa vizima. Eksirei ikaonyesha mifupa ya mikono na miguu imenenepa. Akauliza kama kuna ndugu mwenye hali hiyo. Yuko kaka yake, Tabora. Basi ni ugonjwa wa kurithi, nadra sana, usioambukiza.

Wanafunzi wangu chuoni huiona Mambo ya Walawi 13 kuwa sura kavu. Mimi naipenda. Kuhani anatazama, anangoja siku saba, anatazama tena, ndipo anatamka. Sisi hutamka tukiwa bado kwenye ngazi za kanisa.

Alirudi mezani Pasaka. Baada yake alipiga magoti mzee wa kanisa, akapokea kikombe kilekile, akanywa.