Jina la Mlangoni na Chungu cha Jikoni

Ndugu wasomaji, na hasa kina mama ambao ndio waulizwao kwanza chakula kimetoka wapi, posa ina mitihani miwili: wa ulimi na wa mkono. Ulimi hunena, mkono hula. Tulipokwenda Meru kumposea kijana wetu, mtihani wa ulimi haukututisha, kwa kuwa mshenga wetu ni mtu wa maneno yaliyopimwa, na binti mwenyewe alikuwa amesilimu kwa hiari yake miaka kadhaa nyuma. Wazee wake wamebaki katika dini yao. Lililotukosesha usingizi ni mkono. Walituarifu kwamba nyumba yao ya Makutano haitatutosha, hivyo watatukaribisha chakula cha mchana katika hoteli kongwe ya mjini, iitwayo Pig and Whistle.

Bibi yetu aliuliza maana ya jina hilo. Alipoambiwa kuwa neno la kwanza ni nguruwe, aliweka tasbihi chini akauliza, “Twende tukaposee kwa Nguruwe?” Baadhi yetu tulicheka, wengine hatukuthubutu. Kukataa karamu ya wakwe ni kuivunja posa kabla haijatamkwa, na kula chakula chenye shaka ni jambo ambalo Bibi hajalifanya tangu apate akili.

Mshenga alitueleza kwamba jina hilo ni la vilabu vya Uingereza vya zamani, wala si orodha ya vyakula. Wakoloni walipofika nchi ya Mlima Kenya walikuja na majina ya kwao. Huko Embu ipo Izaak Walton Inn, iliyopewa jina la Mwingereza aliyetoa kitabu cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653, kwa sababu wazungu walipenda kuvua samaki aina ya trauti katika mito ya mlima ule. Nyumba kama hizo zilijengewa mgeni wa namna moja tu. Katika hoteli nyingi za zama hizo, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, na alionekana ukumbini akiwa amebeba sinia. Bibi alisikiliza, kisha akasema, “Basi hilo la mlangoni nimelielewa. La chunguni bado.”

Tukasafiri. Tulipoipita Thika tulifika Makutano ya kwanza, pale njia ya Embu inapoachana na ile ya Nyeri, na mbele yake yakatandazika mashamba ya mpunga ya Mwea. Pishori tunayoipikia pilau na biriani kwetu hutoka humo, katika mifereji iliyoanza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Tukapita Embu, tukapita Chuka, tukashuka na kupanda mabonde upande wa mashariki wa mlima, hata tukaingia Meru na Makutano yake.

Hoteli ni ya majengo ya mbao ya zamani. Mjomba wa binti alitupokea, na kabla salamu hazijaisha alimwendea Bibi, akainama, akasema, “Mama, kabla hujaketi, njoo uone jikoni.” Mbuzi walikuwa wamechinjwa na Mwislamu wa mjini. Sufuria zilikuwa mpya, na mpishi alikuwa mama Mwislamu aliyeazimwa kwa siku ile. Meza yetu iliwekwa nje, mbali na vinywaji vya wengine, na maji ya udhu yalikuwa tayari. Bibi alifunua sufuria moja, akanusa, akafunua ya pili. Akasema, “Jina la mlangoni haliingii chunguni. Bismillahi.” Tulikula pilau, nyama ya mbuzi, na mukimo wa kwao, ambao Bibi aliuongeza mara mbili.

Baada ya chakula mzee wao alisimulia asili ya Wameru. Masimulizi yao yanasema kwamba walitoka kisiwa cha pwani kiitwacho Mbwaa, wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Kiongozi wao Koomenjwe aliyapiga maji kwa fimbo, yakapasuka, nao wakavuka usiku. Kisa hicho kilitukumbusha Nabii Musa, alayhi salaam. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman amekinasibisha kisiwa hicho na Manda, karibu na Lamu.

Tuliinamisha vichwa. Bibi ni mzaliwa wa Lamu. Manda alikuwa akiitazama kila asubuhi ng’ambo ya mlango wa bahari. Watu waliokimbia kwetu ndio waliokuwa wametulisha, tena kwa masharti yetu. Hakuna kati yetu aliyejua la kujibu, hata mshenga. Mzee alituangalia, akatabasamu: “Sisi tuliondoka kwenu usiku. Ninyi mmetufuata mchana, mkabisha hodi, mnaomba kwa adabu. Binti ni wenu.” Bibi alivua kanga yake ya juu akamtandikia mama wa binti mabegani.

Alhamdulillahi, ndoa ilifungwa. Tumeyaandika haya kwa sababu familia nyingi za pwani sasa zinaoana na bara, na tumesikia posa zilizovunjika kwa sahani iliyorudishwa bila kuguswa. Msinyamaze mkaja kususa mezani. Mtumeni mshenga mapema, aseme kwa upole tunachokula na tusichokula, na kwa nini. Mwenyeji mwema huona fahari kuulizwa kabla, na huona aibu kukataliwa mbele ya watu wake. Nao wakija kwetu, tuwaulize vilevile wanachopenda kula, kisha tuwapikie.